Kabureta Si Urithi wa Taifa

Haya jamani, leo nimekuja na hasira zangu. Mwenye moyo mwepesi aende kusoma habari za mpira, nitamkuta huko baadaye.

Jumamosi iliyopita nilikwenda kwenye mkusanyiko mdogo wa wenye magari ya zamani, huku Njiro. Nikafungua boneti ya Landrova yetu. Kaka mmoja mwenye kofia safi kuliko roho yake akachungulia, akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Aisee, mmeiua." Wenzake wakacheka. Kosa letu ni nini? Tumetoa kabureta, tukaweka nozeli nne, sensa kadhaa na kompyuta ndogo inayoamua petroli iingie kiasi gani. Injini ni ile ile, giaboksi ni ile ile, hata kelele za mlango wa nyuma ni zile zile.

"Uasilia, kaka, uasilia," akaniambia. Nikaomba na mimi nichungulie ya kwake. Akasitasita, akafungua. Ndugu zangu, ndani kulikuwa na injini ya dizeli ya Kijapani! Yaani mtu ameng'oa moyo mzima wa Mwingereza, akapandikiza wa Mjapani, kisha ananililia mimi nimebadilisha kijiko cha kulia chakula.

Sasa niwaambie hiyo Landrova ni nani. Ni Series III ya petroli, sentimita za ujazo 2,286, mali ya baba mkubwa. Kwa miaka mingi imeteremsha karoti na kabichi kutoka juu ya Ngaramtoni mpaka soko la Kilombero. Siyo gari la maonyesho. Miaka yake mitatu ya mwisho na kabureta iliishi kwa maombi. Asubuhi za Julai, wale mnaoijua baridi ya Meru mtanielewa, unavuta choku, unapiga stata mpaka betri inalia, petroli mbichi inanuka hadi jikoni. Ikiwaka inatoa moshi mweusi, na silensa haina, ukiondoa mguu imezima. Mama mkubwa alizoea kufunga madirisha kwanza ndipo amwamshe mumewe. Mwaka jana akaja mnunuzi wa chuma chakavu, na mazungumzo yakafika kwenye bei kwa kilo. Kwa kilo! Hapo ndipo nilipoingilia kati, na mshahara wangu wa uandishi mnaufahamu.

Wanaoililia kabureta wengi hawajui inafanyaje kazi. Mimi siidharau, ni chombo cha werevu. Hewa inapita kwenye koo jembamba, mgandamizo unashuka, petroli inanyonywa kupitia tundu dogo, jeti. Tatizo ni kwamba tundu hilo halina macho. Arusha iko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, na mgandamizo wa hewa hapa ni kama asilimia 85 tu ya ule wa Dar. Hewa imepungua, lakini jeti iliyopangwa kwa ajili ya pwani haijui hilo. Inaendelea kumwaga kama mgeni anayetia sukari chai ya watu. Panda mpaka ukingo wa kreta ya Ngorongoro, zaidi ya mita 2,300, uone gari linavyohema. Fundi mzuri atakubadilishia jeti, ndiyo, na siku ukishuka Tanga abadilishe tena?

Isitoshe, hizi Zenith za Landrova zina ugonjwa wao wa kuzaliwa: kifuniko cha juu kinapinda, petroli inajipitishia pasipostahili. Dawa yake kila fundi wa Unga Limited anaijua. Msasa juu ya kioo, unasugua mpaka kinyooke. Tumesugua. Tumesugua tena. Kuna siku nilihisi tunasugua pesa.

Mfumo wa nozeli unafanya tofauti. Sensa moja inapima mgandamizo wa hewa kwenye manifodi, nyingine joto la hewa, nyingine joto la maji ya injini. Gurudumu la meno kwenye puli ya krenki linaiambia kompyuta injini inazunguka kwa kasi gani. Kompyuta inafungua nozeli kwa sehemu ndogo kabisa ya sekunde. Kwenye bomba la moshi kuna sensa ya oksijeni inayoonja kilichotoka na kurudisha habari: umezidisha, umepunguza. Lengo ni kama sehemu 14.7 za hewa kwa sehemu moja ya petroli, kwa uzito. Panda mlima, shuka pwani, inajipanga yenyewe. Ndiyo maana leo baba mkubwa anawasha saa kumi na moja alfajiri na mama mkubwa haamki.

Turudi kwa uasilia. Volkswagen iliuza magari yenye nozeli zinazoongozwa na umeme, mfumo wa Bosch, mwaka 1967, kwa sababu ya sheria za moshi za Marekani. Series III ilianza kutengenezwa mwaka 1971. Kwa hiyo teknolojia mnayoiita uzushi wa juzi ilikuwa imeshatimiza miaka minne kabla Landrova yetu haijaanza kuchorwa kwenye orodha ya mauzo! Peugeot 504, ile ambayo baba zetu wakiizungumzia macho yanalowa, ilikuwa na toleo la nozeli tangu miaka ile ya sitini mwishoni, japo hizo ziliendeshwa kimakanika. Waliotengeneza Range Rover walianza kuiacha kabureta katikati ya miaka ya themanini. Hata NASCAR, Wamarekani wabishi kuliko sisi, waliitoa mwaka 2012. Mwanzoni mwa 2006 petroli yenye risasi ilikuwa imeondolewa Afrika kusini mwa Sahara, na sikusikia mtu akililia uasilia wa risasi. Na hapo Serengeti tu, tangu 2018 kuna magari ya safari yaliyogeuzwa kuwa ya umeme mtupu. Wenzetu wanang'oa injini nzima, sisi bado tunagombea kijiko.

Sina ugomvi na mapenzi ya magari haya. Landrova zilipojaa mjini Oktoba 2024 kwenye lile tamasha, nilisimama barabarani nikijivuna kama chalii mwingine yeyote wa Arusha. Ila gari likiwa zuri kwenye picha na mwenye nyumba ya jirani anakohoa, hilo ni sanamu lenye matairi.

Kuna hoja moja tu iliyoniumiza kichwa, na haikutoka Njiro. Ilitoka kwa mzee mmoja fundi, Unga Limited, aliyeitunza gari hii kabla mimi sijazaliwa. Nilimwamkia, akaitikia marahaba bila kuinua macho, halafu akasema: "Mwanangu, kabureta ikigoma porini naifungua kwa bisibisi. Hicho kiboksi chako kikigoma utafungua nini?"

Sikuwa na jibu la haraka. Mnajua wenyewe: zipo gereji zinazorudi kinyumenyume, gari limetoka Japani na nozeli zake, kompyuta ikisumbua zinang'olewa inafungwa kabureta ya mtumba. Nimeiona Hiesi ya namna hiyo, waya zimekatwa zikaning'inia kama utumbo wa mbuzi. Na sisi tulipata yetu. Wiki ya kwanza gari lilizima Sakina, jua la saa saba, kwa sababu tulifunga kiboksi karibu mno na bomba la moshi. Wiki ya pili kutu ya tenki la zamani ikaziba chujio la pampu mpya. Na hapa naomba mnisikilize kwa makini: pampu ya kabureta inasukuma kidogo sana, haifiki hata nusu ya baa, lakini ya nozeli ni kama baa tatu. Ukiacha mipira ile ya zamani itapasuka juu ya injini ya moto, na hapo hutakuwa na gari la kubishania. Badilisha mipira yote, weka bomba la kurudishia petroli kwenye tenki, hakikisha alteneta inachaji sawasawa. Anayeunga waya kwa kung'ata na meno usimpe kazi hii.

Gharama nayo nisiwafiche. Kama gari lako linatoka Jumapili kwenda nyama choma, petroli utakayookoa haitarudisha pesa yako hata ukiishi miaka mia. Baki na kabureta, isugue. Letu linapiga kazi siku sita kwa wiki.

Lakini swali la mzee halikuwa sifa ya kabureta. Lilikuwa sifa ya mzee. Bisibisi yake ina miaka arobaini ya akili ndani yake. Kijana aliyetufungia mfumo huu ana mita ya umeme, kompyuta ya mkononi iliyopasuka kioo na miaka miwili ya kazi, na hakuna gereji mjini iliyokubali kumlipa zaidi ya mbeba spana, eti mambo ya sensa ni ya "madogo wa intaneti". Tunao vijana wanaotoka VETA na Chuo cha Ufundi Arusha, tunawapokea kwa kuwapa ndoo ya kuoshea vyuma. Halafu tunalalamika kwamba umeme wa magari hauna mafundi.

Jumanne mzee alipita nyumbani, eti alikuwa njiani tu. Akazunguka gari mara mbili. Akamwita yule kijana, akataka aonyeshwe kwenye kioo hicho kilichopasuka jinsi injini inavyosoma baridi. Wakakaa pale mpaka chai ikapoa. Aliondoka bila kusema neno kuhusu kabureta, ila aliuliza sensa ya krenki ya akiba tunaiweka wapi. Chini ya kiti, mzee, pamoja na rilei mbili na pampu ya ziada.

Na wewe kaka wa kofia: ile Zenith tumeihifadhi kwenye boksi la sabuni, chini ya kitanda cha baba mkubwa. Kifuniko kimesuguliwa, hakijapinda kwa sasa. Ukitaka uasilia njoo uchukue. Bei hatupunguzi.