Mchina, mdogo wangu na greda

Nimerudi mjini, jamani. Likizo ya Desemba ilinipeleka nyumbani Kaagya, Bukoba Vijijini, na kama ilivyo ada yetu nimerudi na senene pamoja na mzigo wa maneno. Senene wameshaisha. Maneno ndiyo haya.

Nianze na safari. Kutoka Mwanza, safari hii basi letu halikusubiri kivuko pale Kigongo. Tulipita juu ya Daraja la J.P. Magufuli, lile la Kigongo–Busisi lenye urefu wa kilomita kama 3, lililozinduliwa Juni 2025. Sisi tuliozoea kukaa foleni tukitafuna mahindi ya kuchoma tulivuka kwa dakika chache tu. Daraja hilo limejengwa na makampuni ya Kichina. Mama mmoja mbele yangu akasema, "Mungu awabariki Wachina." Kijana wa nyuma akadakia, "Awabariki wakiwa kwao!" Basi zima likacheka.

Nami nilicheka. Ila nilipofika nyumbani nikakutana na mdogo wangu, mtoto wa baba mdogo, kicheko kikaniisha.

Huyu kijana alifanya kibarua miaka miwili kwa mkandarasi mmoja wa Kichina kwenye mradi wa barabara. Alianza na koleo. Kulikuwa na dereva wa greda, Mchina wa makamo, ambaye alimzoea. Wakawa wanaelewana kwa Kiswahili cha barabarani na ishara za mikono. Jioni kazi ikipungua, mzee yule anamwachia usukani. Mwaka wa pili mdogo wangu alikuwa anasawazisha kifusi peke yake. Mradi ukaisha, Wachina wakafunga kambi, naye akarudi Kaagya bila mkataba, bila barua, bila cheti. Ameomba kazi sehemu nyingine mbili, kote swali ni moja: cheti kiko wapi? Sasa anaendesha bodaboda ya mtu.

Nikampeleka kijiweni, tukaagiza rubisi, mjadala ukawaka. Mmoja akasema Wachina wale wote ni wafungwa, wameletwa kutumikia vifungo. Uvumi huu ni wa zamani na umezagaa Afrika nzima, lakini si kweli. Hawa ni wafanyakazi wa mkataba, waliokuja kwa sababu mshahara wa huku unazidi ule ambao wangeupata kwao. Yule dereva wa greda alimwonyesha mdogo wangu picha ya binti yake kwenye simu. Analelewa na bibi yake kijijini Sichuan. Kwa miaka miwili alikuwa amemwona mara moja.

Ndugu msomaji, hiyo ni habari ya kawaida kabisa China. Tangu Shenzhen ilipofanywa eneo maalumu la uchumi mwaka 1980, wanakijiji wamemiminika kwenye viwanda na ujenzi wa mijini. Leo wanakaribia milioni 300. Wengi wamebaki wageni katika miji waliyoijenga, kwa sababu ya mfumo wa uandikishaji uitwao hukou, uliowekwa mwaka 1958, unaomfunga mtu na kijiji chake katika huduma kama shule na matibabu. Ndiyo maana watoto wengi huachwa kwa bibi. Kila Mwaka Mpya wa Kichina mabasi na treni hufurika watu wanaorudi vijijini. Ukitaka kuelewa, kaa stendi ya Bukoba mwezi Desemba.

Na sisi je, tumesahau? Babu zetu walivuka kwenda Buganda kutafuta pesa. Wakati huohuo Warundi na Wanyarwanda walikuja kulima na kuchuma kahawa katika vibanja vyetu. Tuliwalipa nini? Tuliwaita majina gani? Muulize bibi yako, kama atakubali kujibu.

Kwa hiyo mimi sina ugomvi na yule mzee wa greda. Tena ndiye mtu pekee katika mradi ule aliyemfundisha mdogo wangu kitu. Ugomvi wangu uko kwingine.

Reli ya TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ilijengwa kati ya 1970 na 1975. Makumi ya maelfu ya Wachina walikuja. Wapo waliofia kazini, na makaburi yao yapo nje kidogo ya Dar es Salaam. Lakini wakati ule kufundisha wenyeji ilikuwa sehemu ya kazi. Vijana kama 200 wa Tanzania na Zambia walipelekwa Beijing kusomea reli, na wengine wengi walifundishwa hukuhuku wakati reli ikijengwa.

Leo tuna sheria ya mwaka 2015 ya kuratibu ajira za wageni. Inamtaka mwajiri anayeomba kibali cha mgeni awe na mpango wa namna ujuzi wa mgeni huyo utakavyorithishwa kwa Mtanzania. Imeandikwa vizuri sana. Je, nani huenda kwenye kambi ya barabara kuuliza, "Huyu wa greda anamrithisha nani?" Angefika, angemkuta mdogo wangu juu ya mtambo, na jina lake haliko kwenye karatasi yoyote.

VETA wana utaratibu wa kumpima mtu aliyejifunzia kazini na kumpa cheti. Mimi napendekeza jambo dogo: mkandarasi, awe Mchina, Mturuki au Mtanzania, asilipwe malipo ya mwisho mpaka vibarua wake waliojifunza mitambo wawe wamepimwa na VETA palepale kambini. Gharama yake ukilinganisha na bei ya barabara ni ya soda.

Tukipiga kelele "Wachina waende kwao", wataenda. Mikataba yao ina mwisho, na yule mzee ana binti anayemsubiri. Atakaporudi Sichuan atakuwa bado ni dereva wa greda. Mdogo wangu ni dereva wa greda pia, ila hakuna anayelijua hilo isipokuwa mimi, yeye na Mchina mmoja.

Nyie mnaonaje?