Nyumba ya serikali ianze na uchunguzi wa udongo na maji

Serikali ikitoa pesa ya kujengea nyumba watu waliopoteza zao, furaha huwa kubwa, na haki ni yao. Aliyelala chini ya shitingi miezi na miezi hawezi kuambiwa angoje tena. Lakini kuna swali ambalo lazima liulizwe kabla tofali la kwanza halijawekwa: mahali hapo pamechunguzwa na nani, na ameona nini?

Swali hilo si la wasomi wa Kinshasa peke yao. Sheria ya Kongo imekwisha kulijibu. Sheria namba 11/009 ya tarehe 9 mwezi wa 7 mwaka 2011, inayolinda mazingira, inasema katika kifungu cha 21 kwamba kila mradi unaoweza kuharibu mazingira ufanyiwe kwanza uchunguzi wa athari zake juu ya mazingira na juu ya maisha ya watu. Kifungu cha 24 kinaongeza kwamba wakaaji wa mahali waelezwe mradi na maoni yao yapokelewe. Kuna pia shirika la serikali la kukagua kazi hiyo, Agence Congolaise de l'Environnement, lililoundwa mwaka 2014. Kwa hiyo anayedai uchunguzi haombi msaada. Anadai haki iliyoandikwa.

Sababu za kudai ziko wazi kwa kila mtu wa Kivu. Tarehe 4 mwezi wa 5 mwaka 2023, siku ya Alhamisi, mvua kubwa ilinyesha Kalehe. Ilikuwa siku ya soko Nyamukubi, na watu walikuwa wengi. Maji yalishuka mlimani na mawe, miti na udongo, yakafagia Nyamukubi na Bushushu mpaka ziwani. Maiti zilizozikwa zilipita 400, na wengi hawakuonekana tena. Tangu hapo, neno la kuwahamishia walionusurika mahali salama limesemwa mara nyingi. Lakini mahali hapawi salama kwa sababu mkubwa amesema ni salama. Panakuwa salama baada ya mtu kupanda juu na kutazama mlima umekaa namna gani, miti imebaki kiasi gani, na maji ya mvua yatapita wapi.

Uvira nayo ina somo lake. Mwezi wa 4 mwaka 2020 mto Mulongwe ulifurika ukabomoa nyumba nyingi sana mjini. Kisha ziwa Tanganyika likapanda likaingia mitaa ya pwani. Familia iliyokimbia mto ikapewa kiwanja karibu na ziwa haijaokolewa. Imebadilishiwa tu aina ya maji.

Na Goma? Moto wa Nyiragongo ulishuka mpaka katikati ya mji mwaka 2002, ukarudi tarehe 22 mwezi wa 5 mwaka 2021 ukateketeza nyumba upande wa Buhene. Watu wamejenga tena juu ya mawe yaleyale. Upande wa magharibi wa mji, kuelekea Lac Vert na Bulengo, kuna mazuku. Kila mzee wa huko anayajua: ni gesi nzito inayotoka ardhini na kukaa mabondeni, hasa usiku na alfajiri wakati hakuna upepo. Haionekani. Mbuzi anaanguka, mtoto naye anaweza kuanguka kabla ya mtu mzima, maana kichwa chake kiko karibu na ardhi. Anayechora nyumba 200 juu ya karatasi bila kuwauliza wazee hawa anaweza kuziweka zote ndani ya shimo la mazuku. Tena juu ya mawe ya volkeno kuchimba choo ni kazi ngumu, na choo kibaya karibu na maji ya kunywa kinaleta kipindupindu.

Wako wanaosema: watu wananyeshewa, uchunguzi utachelewesha. Wanaosema hivyo mara nyingi wana roho nzuri, na shida wanayoitaja ni ya kweli. Lakini wanachanganya vitu viwili. Manjanja na mbao za kibanda cha muda zinaweza kutolewa leo, bila kungoja kitu. Nyumba ya kudumu ni jambo jingine: mtu atazeeka ndani yake, atazaa, ataiachia watoto. Wiki chache za kupima udongo si nyingi mbele ya miaka 40 ya kuishi. Na nyumba ikibebwa na maji, serikali italipa mara ya pili, kama pesa itakuwapo.

Hatari iliyo kubwa zaidi ni uchunguzi wa uongo. Kitabu kinene cha Kifaransa, chenye muhuri, kinakaa ofisini, na hakuna hata mama mmoja wa Kalehe aliyesomewa ukurasa. Hapo sheria imetimizwa kwa karatasi tu. Uchunguzi wa kweli unasomwa mbele ya watu, kwa Kiswahili na kwa lugha ya mahali, kwenye uwanja wa kijiji na kwenye redio. Machefu, wakulima, wavuvi na akina mama wanaochota maji wanasema wanachokijua. Wanaotakiwa kuhama wanakuwapo, na wenye mashamba yatakayochukuliwa pia, ili kesho wasigombane.

Basi familia inayoonyeshwa kiwanja kipya ina haki ya kuuliza maneno manne bila kuogopa kuitwa wakaidi. Mvua kubwa ikinyesha, maji yanapita wapi? Maji ya kunywa yatatoka wapi, na vyoo vitakuwa umbali gani? Shamba, soko na shule viko wapi? Na ripoti ya uchunguzi iko wapi, nani ataisoma kwa sauti?

Kiongozi mwenye majibu atayatoa siku hiyohiyo. Asiye nayo, kiwanja chake kingoje kwanza, na shitingi nzuri ziletwe kesho asubuhi.