Majina ya Ng'ambo ya Mto

Kila tarehe 25 Julai nawasha redio mapema nisikilize Siku ya Mashujaa. Nasikiliza tarumbeta, nasikiliza mizinga, nangoja hadi mkuki na ngao viwekwe mnarani, kisha nazima. Nazima kwa sababu najua bibi yangu hatatajwa.

Mimi ni mtu wa Missenyi, ng'ambo ya Mto Kagera, kwenye kipande cha nchi kilichobanwa kati ya mto na mpaka wa Uganda. Mpaka wenyewe ni mstari ulionyooka kama uliopigwa rula, digrii moja kusini ya ikweta. Wazungu wa Uingereza na Ujerumani waliuchora mwaka 1890 bila kuuliza nani ana kibanja wapi. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliuvuka, na siku chache baadaye akatangaza kwamba nchi yote hadi mtoni, kilomita za mraba zipatazo 1,800, sasa ni ya Uganda. Tarehe 3 Novemba daraja la Kyaka likalipuliwa. Aliyekuwa amevuka alikuwa amevuka.

Sisi tulivuka usiku, siku mbili kabla ya hapo. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Mama alimfunga mdogo wangu mgongoni, furushi kichwani, na mimi nikapewa kuku wawili waliofungwa miguu. Baba alirudi mlangoni mara tatu kumbembeleza bibi. "Mama, twende, watu wameisha kijijini." Bibi alikuwa amekaa kizingitini, ameweka fimbo yake magotini. Alisema hawezi kuliacha kaburi la mumewe ndani ya kibanja halafu lije kukanyagwa na ng'ombe wa watu. Mara ya tatu baba alitoka kimya, akanishika mkono, tukaondoka. Wale kuku walipiga kelele njia nzima na hakuna aliyeniambia niwanyamazishe.

Tulirudi Januari, baada ya jeshi letu kuwafurusha. Nyumba ilikuwa imesimama bila paa. Walikuwa wameng'oa mabati yote, milango, hata fremu za madirisha, na juu kwenye mbao yalikuwa yamebaki matundu ya misumari, mstari kwa mstari, mvua ikiingia. Mikungu ilikuwa imeiva ikaoza mgombani. Fimbo ya bibi tuliikuta nyuma ya jiko. Yeye mwenyewe hatukumkuta, si yeye wala kaburi lake, hadi leo. Baba aliweka jiwe pembeni ya kaburi la babu na hakuwahi kueleza lile jiwe ni la nini. Tulijua.

Kwa kweli vita ile ilitufanya taifa. Nasema hivyo kwa moyo wote. Kabla ya 1978, kwa mtoto wa kijijini kwetu, Tanzania ilikuwa ramani ukutani na wimbo wa asubuhi. Halafu wakaja askari. Mmoja aliyepiga kambi karibu na shule yetu alikuwa ametoka Newala, kule kwenye korosho, na hakuwahi kuona watu wakishiba kwa ndizi. Mama alimpikia ndizi na maharage, akala, akashukuru, kisha akauliza kwa upole kama chakula chenyewe kinakuja. Nyumba nzima ilicheka kwa mara ya kwanza tangu turudi. Alitufundisha kusema "shikamoo" kwa lafudhi yake, akatuchorea bahari kwenye mchanga. Kijana wa kusini kabisa alikuwa amekuja kufa, ikibidi, kwa ajili ya migomba yetu. Alipoondoka kwenda mbele hatukupata habari zake tena. Jeshi lililokuwa na watu wasiozidi 40,000 lilikuwa limevuka 100,000 kwa kuchukua mgambo, polisi, magereza na vijana wa JKT, na wengi wao walikuwa hivyo hivyo: mtu wa mbali, bunduki begani, hajui neno hata moja la Kihaya.

Wenzao walioanguka wamelala Kaboya, wilayani Muleba, safu kwa safu. Nimekwenda mara nne. Ni mahali panapotunzwa, na ndivyo inavyostahili.

Hata jina letu vita ililibadilisha. Tulikuwa Mkoa wa Ziwa Magharibi. Mwaka 1979 tukawa Mkoa wa Kagera. Kampala ilikuwa imeangukia mikononi mwa jeshi letu Aprili 11, tukapiga vigelegele, na Mwalimu Nyerere akatuomba tufunge mikanda kwa miezi kumi na minane. Ile miezi kumi na minane haikuisha. Kweli, mafuta yalikuwa yamepanda bei duniani, na Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imevunjika mwaka 1977, lakini malori yaliyochukuliwa kupeleka askari vitani hayakurudi yalivyokwenda, na fedha za kigeni ziliteketea kwenye risasi. Mwaka 1982 mama alikuwa anafua sare zangu kwa majani ya mpapai. Sukari ilipatikana kwa foleni ya alfajiri, na wakati mwingine foleni iliisha kabla ya sukari kuonekana.

Basi watu wakaingia magendo. Kahawa ilivuka mpaka usiku kwenda Uganda, zikarudi sabuni na vitambaa. Kitambaa kimoja kilichopendwa sana na wasichana kiliitwa Juliana. Vijana walipoanza kukonda na kufa, watu walitazama nani alikuwa anavuka mpaka na nani alivaa nini, wakauita ugonjwa huo Juliana. Madaktari waliandika wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini mwaka 1983, hapa hapa Kagera. Sisemi vita ndiyo iliyoleta virusi. Hilo ni la wataalamu. Nasema yale maisha ya njaa na njia za usiku yalitokana na vita, na ugonjwa ulizikuta njia hizo zimeshachimbwa. Nimefundisha shule ya msingi miaka thelathini na mbili. Kuna mwaka nilikuwa na darasa ambalo ukisema "mwambie mama yako aje kesho," mtoto anatazama chini.

Na upande wa pili je? Nilikwenda Masaka mwaka 2004 kwenye msiba wa shemeji. Mama mmoja aliposikia natoka Tanzania aliniambia, bila ukali, kwamba duka la baba yake lilibomolewa na jeshi letu Februari 1979, na mji karibu wote pamoja nalo. Ni kweli, Masaka ilibomolewa, na Mbarara ikapigwa vibaya, na Mutukula ya upande wao ikasawazishwa kwa matingatinga, ikiwa malipo ya yale ya Kagera. Akaniambia pia kwamba walipotuona waliimba, wakatuita wakombozi. Alisema yote mawili kwa pumzi moja, na mimi sikuwa na la kuongeza. Nilimsimulia habari za bibi. Tulikaa pale hadi chai ikapoa.

Ndiyo maana naandika. Aliyekuwa na miaka ishirini mwaka ule leo anakaribia sabini, na kila msimu wa mvua tunawazika wawili watatu. Halmashauri zina watendaji wa vijiji, vijiji vina vitabu. Nataka kila kijiji cha ng'ambo ya mto kiandike raia wake waliouawa, waliochukuliwa na wasiorudi, jina la mtu, la baba yake, umri, mahali alipoonekana mara ya mwisho, na orodha hiyo isomwe Julai 25 baada ya askari. Kazi hiyo haihitaji mfadhili. Inahitaji kalamu na mtu mwenye subira ya kukaa na wazee.

Nimeanza kijijini kwetu kwa daftari la mraba, moja ya yale yaliyobaki nilipostaafu. Mpaka sasa nina majina 23. Watano ni watoto. Wawili wameandikwa kwa jina la nyumbani tu, kwa kuwa aliyenitajia alikuwa mtoto mwenzao na hakuwahi kuwajua kwa jina lingine. Katika safu ya mwisho, pale ninapoandika alipozikwa, mistari kumi na minne iko wazi, na wa bibi ni wa kwanza.

Jumamosi nitakwenda kumwona mzee mmoja aliye karibu na mto. Haoni tena, lakini mwanawe amenipigia simu kusema ana majina matatu kichwani na anataka kuyatoa asubuhi, kabla hajachoka.