Negativu za Mama ni Amana



Wapenzi wasomaji, katika ziara yetu ya Nairobi tulifikia Pumwani, mtaa mkongwe wa Waislamu katika Eastlands. Mama mmoja alitutolea bahasha ya negativu za harusi ya dada yake, akauliza: "Sheikh, nizichome?" Picha zenyewe zimekwisha kuliwa na unyevu. Katika negativu hizo yumo marehemu mama yake, pamoja na mashoga zake wakicheza ndani kwa wanawake, vichwa wazi. Binti ataka zipelekwe dukani zikasafishwe upya. Mama aona haya.

Hatutaingia leo katika ikhtilafu ya wanavyuoni juu ya picha. Lakini haya ya mama huyu ina msingi. Zamani msafishaji aliziona picha, kisha akamrudishia mwenyewe negativu zake. Leo picha hupitia kwanza kwenye kompyuta ya duka, na nakala yaweza kubaki humo miaka.

Tulimjibu: "Usichome, mama, wala usipeleke. Kazi hii hufanyika nyumbani, na ataifanya binti yako."

Tuliazima kwa jamaa skana yenye taa kwenye kifuniko, kwani filamu sharti imulikwe kutoka nyuma. Skana ya karatasi tupu haifai. Tulimfundisha binti kwa negativu zetu wenyewe za Maulidi ya Lamu. Za mama yake hatukuziona, wala hapakuwa na haja.

Filamu hushikwa ukingoni, vidole visiguse picha. Vumbi hupulizwa kwa mpira wa hewa, si kwa kinywa, maana mate huacha doa. Katika programu huchaguliwa kwamba ni negativu, nayo hugeuza giza kuwa mwanga na mwanga kuwa giza. Negativu ya kawaida ina milimita 24 kwa 36. Ikisomwa kwa nukta 2400 kwa inchi, hutosha kabisa kuchapa picha ya inchi 5 kwa 7. Karatasi iwe ya picha, si ya barua.

Baada ya Laasiri binti alichapa ya kwanza. Sisi tulikuwa nje barazani. Tulimsikia mama akimtaja mamake kwa jina na kumwombea rehema.

Hata hivyo, hatari haijaisha. Picha iliyoepushwa na duka yaweza kuvuja kwa simu ya mtoto wa nyumbani. Kwa hiyo tuliwausia mambo matano: wazihifadhi kwenye flashi mbili, wasizitie katika kundi la ukoo, wawatake idhini walio hai kabla ya kumwonyesha yeyote, na sitara ya maiti ni kama ya aliye hai, wafute kila kilichobaki kwenye kompyuta ya kuazima, na negativu wazirudishe katika bahasha, mahali pakavu, kwani flashi nayo hufa.

Amana hulindwa mpaka imfikie mwenyewe. Mwenyezi Mungu awasitiri mama zetu, walio hai na waliotangulia. Amin.

Wabillahi tawfiq.