Mugongo nao ni chombo cha kazi

Hapa kwetu Lubumbashi, mutu akisema kazi inamuvunja mugongo, wengi wanafikiri ni muchimbaji. Muji wetu ulizaliwa mu 1910 sababu ya shaba, na kila mutu anajua kwamba kuingia mu mine bila kofia ngumu na bote ni makosa. Lakini kuko mugongo mwingine wenye hakuna anayeuongelea: ule wa kijana anayekaa mbele ya ordinatere tangu asubui mpaka magaribi.

Mumuangalie mu vijumba vya kuandika na fotokopi, karibu na univerisite. Anaikala juu ya kiti cha plastiki, ama tabure yenye haina pa kuegemea. Ekra iko chini, shingo imeinama. Analipwa kwa ukurasa, basi akisimama anapoteza franga. Umeme ukikatika, kazi inalundikana. Ukirudia usiku, anakaa mpaka kunakucha, kwani wanafunzi banangojea.

Kiisha tunamusikia: "Mugongo inaniluma." Ananunua kidonge mu barabara, anameza, anarudia kukaa. Kidonge kinanyamazisha maumivu, hakibadilishe kiti.

Tusiseme ni uvivu. Shirika la Afya Duniani, OMS, linahesabu kwamba mu 2020 watu milioni 619 walikuwa na maumivu ya mugongo wa chini. Hakuna ugonjwa unaolemaza watu wengi kuliko huo.

Kwa wakubwa wa kazi tunasema hivi: Sheria ya Kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002 inadai afya ya mutumishi ilindwe kazini. Haikusema ya wachimbaji peke yao. Mbele ya kununua mashine ya pili ya fotokopi, mununue kwanza kiti chenye kushika mugongo, chenye kupanda na kushuka.

Na ninyi wenye kutumika, musingoje patro. Mutie tofali ama paki ya karatasi chini ya ekra, mpaka ukingo wake wa juu ufike usawa wa macho. Nyayo zikanyage chini, viwiko vikae karibu na mwili. Kitenge kilichokunjwa nyuma ya kiuno kinasaidia, na hakina bei. Halafu musimame kila nusu saa, hata kwa kunywa maji tu, kwa sababu hata kiti kizuri hakiponyeshe mutu mwenye kukaa siku muzima bila kujitikisa.

Mwenye kusikia miguu inakufa ganzi, ama anashindwa kuzuia mukojo, asijaribu dawa ya barabara: aende hospitali siku ile ile.

Ordinatere ikiharibika, kuko fundi, na piesi inapatikana. Piesi ya mugongo, hatujaiona bado, hata mu soko ya Kenya.