Kipimo cha moyo: tuulize kwanza, kisha tuuze kiwanja

Hapa Kisangani karatasi moja ya muganga inaweza kuuza kiwanja. Familia inaambiwa baba apelekwe Kinshasa, Kampala ao Nairobi, moyo wake upigwe picha ukiwa kazini. Siku hiyo hiyo wazee wanakaa chini kutafuta dola. Ndege ya Bangboka ina bei yake, na kwa njia ya maji Kinshasa iko karibu kilometa 1,700. Katika haraka hiyo swali moja linasahauliwa: je, mgonjwa huyu anahitaji kweli kipimo hicho?

Kipimo chenyewe kiko hivi. Mgonjwa anatembea haraka juu ya mkanda ao anapiga baiskeli. Asiyeweza anachomwa dawa ya kuufanya moyo ufanye kazi kwa nguvu, ao ya kufungua mishipa yake. Waganga wanatazama kwa eko, ao kwa dawa yenye mionzi, kama damu inafika vizuri kwenye nyama ya moyo. Wanatafuta mishipa iliyoanza kuziba.

Sasa mufikirie baba mwenye toleka. Akipakia mtu na mzigo, kifua kinamkaza. Akisimama kupumzika, kinaachia. Kesho yake ni vilevile. Huyo, zaidi kama umri umesonga, ana tansio ao sukari, ao anavuta tumbaku, ana sababu ya kupimwa. Lakini maumivu makali yanayomkamata akiwa ameketi, pamoja na jasho na kukosa pumzi, hayangojei safari wala kipimo hicho. Akimbizwe hospitali saa ileile.

Na yule asiyesikia kitu chochote? Mwaka 2012 chama cha waganga wa moyo wa Marekani, American College of Cardiology, kilitoa shauri wazi, na ile ni nchi yenye mashine tele. Picha hizo zisiwe kipimo cha kwanza kwa mtu asiye na dalili, isipokuwa yuko katika hatari kubwa. Zisirudiwe kila mwaka kwa desturi tu. Zisiombwe kabla ya upasuaji mwepesi.

Sababu ni kwamba kwa mtu mzima wa afya, kipimo kinaweza kuonyesha ugonjwa ambao hauko. Hapo linafuata jambo zito zaidi: kuingiza mrija mpaka kwenye mishipa ya moyo. Tena kile cha dawa yenye mionzi kinaweza kumpa mtu mionzi sawa na radio za kifua mamia.

Kwetu, moyo unaharibiwa sana na tansio isiyotunzwa, na homa ya viungo ya utotoni inayokula vizibo vya moyo, na ule udhaifu unaowapata wamama wengine karibu na kuzaa. Magonjwa hayo yanaanza kutafutwa kwa kupima tansio, kusikiliza kifua, elektro na eko ya kawaida. Pesa ya ndege ingeweza kununua dawa za tansio za siku nyingi.

Kuna atakayesema ninataka maskini wanyimwe. Hapana. Anayestahili kipimo asikikose kwa sababu anakaa Lubunga ao Mangobo, na serikali ina deni hilo kwa wakaaji wa Tshopo. Ninachokataa ni familia kubaki bila kiwanja kwa ajili ya jibu lisilobadilisha kitu.

Kwa hiyo, wazazi na wandugu, musiogope kumuuliza muganga maswali mawili: «Tunatafuta ugonjwa gani?» na «Jibu likitoka, matunzo yatabadilika namna gani?» Muganga mwema hakasiriki akiulizwa. Ataeleza kwa luga munayosikia. Akiwaambia dawa zitabaki zilezile, basi na kiwanja kibaki.