Pensheni ya bibi, kimo cha mjukuu

MAWAZIRI wa Fedha wa Afrika Mashariki husoma bajeti zao kila Juni, na mara nyingi familia hutajwa kwa neno moja tu: kaya. Kaya hulipa kodi, kaya hupokea ruzuku, kaya hununua unga. Nani hasa ndani ya kaya hiyo anazishika fedha, hotuba haisemi.

Ukimya huo una asili katika nadharia. Kwa muda mrefu wachumi, akiwamo Gary Becker wa Chuo Kikuu cha Chicago, aliyetunukiwa Nobel mwaka 1992, waliichukulia familia kana kwamba ni mtu mmoja mwenye mfuko mmoja. Shilingi ni shilingi, iingie kwa baba au kwa mama. Yeyote aliyekulia katika nyumba ya kawaida angeweza kuwa na shaka, lakini shaka si ushahidi.

Ushahidi ulitafutwa Afrika Kusini na Esther Duflo, mchumi mzaliwa wa Ufaransa. Utawala wa kibaguzi uliwalipa wazee weusi pensheni ndogo mno kuliko weupe, hadi viwango viliposawazishwa, kazi iliyokamilika mwaka 1993. Ghafla nyumba nyingi maskini zikawa na bibi au babu mwenye kipato cha uhakika kila mwezi, tena kikubwa kuliko cha vijana wengi waliokuwa na nguvu zao. Wanawake walilipwa kuanzia umri wa miaka 60, wanaume miaka 65.

Ugumu ulikuwa hapa: nyumba zinazoishi na wazee aghalabu ni maskini zaidi, hivyo kulinganisha watoto wao na wa jirani kungepotosha. Duflo akatumia kimo. Uzito wa mtoto hubadilika kwa miezi michache, lakini kimo hutunza kumbukumbu ya lishe tangu utotoni. Watoto waliozaliwa kabla ya mabadiliko walikuwa wamekwisha kudumaa; waliozaliwa baadaye walikula pensheni hiyo tangu wakiwa wachanga.

Matokeo aliyoyachapisha mwaka 2003 hayakuacha nafasi kubwa ya ubishi. Pensheni ilipopokewa na mwanamke, wajukuu wa kike waliongezeka kimo na uzito, huku kwa wavulana mabadiliko yakiwa madogo. Ilipopokewa na mwanaume, hakuna nafuu iliyoonekana kwa watoto. Serikali ilitoa kiasi kilekile. Kilichotofautiana ni mkono uliopokea.

Uingereza ilikuwa na kisa kinachofanana. Mwishoni mwa miaka ya 1970, nafuu ya kodi iliyokuwa ikiingia kwenye mshahara wa baba ilibadilishwa kuwa posho ya mtoto anayolipwa mama. Shelly Lundberg, Robert Pollak na Terence Wales walionyesha mwaka 1997 kwamba matumizi ya nguo za wanawake na watoto yaliongezeka yakilinganishwa na ya nguo za wanaume.

Hata hivyo, ni kosa kuligeuza hilo kuwa sheria ya maumbile. Mwaka huohuo wa 2003, watafiti wengine walioichunguza pensheni ya Afrika Kusini waliona kwamba watu wazima wenye nguvu waliokaa na wazee hao walipunguza saa za kazi, na zaidi pale mpokeaji alipokuwa mwanamke. Bibi, yaelekea, hakulisha wajukuu peke yao. Nchini Morocco nako, jaribio la kuwalipa wazazi fedha za kuwapeleka watoto shule, lililochapishwa mwaka 2015, halikuona tofauti ya maana kati ya kumlipa baba na kumlipa mama.

Duflo alipata Nobel mwaka 2019, pamoja na Abhijit Banerjee na Michael Kremer, na swali lake limekwisha kufika Afrika Mashariki. Zanzibar ilianza mwaka 2016 kuwalipa wazee wote wa miaka 70 na zaidi, kwa kiwango cha kuanzia cha Sh20,000 kwa mwezi. Kenya ilifuata mwaka 2018 kwa wazee wa umri huo. Tanzania Bara, Mfuko wa Maendeleo ya Jamii (TASAF) huwalipa zaidi wanawake kwa niaba ya kaya. Malipo yanapohamia kwenye simu za mkononi, jambo la kuangaliwa ni dogo kwa sura lakini zito: laini inayopokea fedha imesajiliwa kwa jina la nani, na nani anaijua namba ya siri.